Firamu za Ernestine

Kichwa cha Ernestine kilikuwa kimesukwa nusu tu alipojua kwamba ameibiwa.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba moja nyuma ya soko la Mpanda, magoti ya msusi yamembana mabega. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka tisini na sita, saa sita mchana, jua likiwaka bila huruma. Lori la mahindi lilikuwa limemleta asubuhi kutoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, amekaa juu ya magunia, na njia nzima alikuwa anacheka peke yake. Utingo alimwuliza kama kichwa chake ki salama. Kilikuwa salama kabisa. Alikuwa anakwenda kumwambia Telesphor kwamba baba amekubali.

Nani angeamini? Mzee Apollinarie, aliyeapa mwaka mzima kwamba bintiye ataolewa na Libérat wa kijiji cha jirani, kwa kuwa babu zao walitoka kilima kimoja kule Burundi! Kila alipotajiwa Telesphor alikuwa akikunja uso na kuuliza kama mtu anayezunguka na televisheni kwenye baiskeli ni mtu wa kuoa au wa kupita. Mpaka Jumanne hiyo. Mzee alikuwa anaziba ufa wa mzinga wa nyuki, akauliza bila kuinua macho:

"Mwana wanje, huyo kijana anakupendea nini?"

Ernestine alifikiri sana kabla ya kujibu. "Ananiuliza ninavyoona, baba. Halafu anangoja nijibu."

Mzee aliendelea kuziba ufa wake. Asubuhi yake, wakati anafunga jembe begani, alisema maneno matatu tu: "Mwambie alete wazee." Mkewe, Mama Aline, alipiga kigelegele kifupi, akakikata katikati kwa aibu.

Ndiyo maana Ernestine alitaka kwanza asukwe. Habari kama ile haipelekwi na kichwa cha timutimu.

"Dada, nikusuke vipi?" msusi alikuwa amemwuliza. Aliitwa Specioza, msichana mzuri wa kutosha kumfanya mteja wake ajute kukosa kioo, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. "Twende kilioni?"

"Hapana! Twende kilioni nitasuka nikifiwa. Nisukie za kwenda juu, zikutane utosini."

"Ehee, huyu ana mtu!"

Wakacheka wote wawili. Upande wa kulia ukaanza, na maongezi yakaanza nao. Kutoka pale waliweza kusikia jenereta la banda la video likinguruma ng'ambo ya barabara. Jumamosi lilikuwa linawashwa tangu saa tano. Ernestine alijua nani anainamia lile jenereta, mikono ina mafuta mpaka kwenye viwiko, na moyo ulimdunda kwa kulisikia tu.

Ni jenereta hilo lililowakutanisha. Telesphor alikuwa akilibeba mara moja kwa mwezi mpaka Katumba, mara nyingine Ugalla, mara nyingine Mamba kwa wavuna mpunga, anaonyesha kanda mbili tatu kisha anaondoka. Watu walidhani amekwisha ona filamu zote za dunia. Kumbe hakuwa ameona hata moja mpaka mwisho! Jenereta lilikuwa bovu. Ukiliacha dakika kumi linazima, watu wanavunja viti. Kwa hiyo wakati wengine wanalia na kushangilia ndani, yeye yuko nje na tochi na bisibisi. Siku ya kwanza aliyozungumza na Ernestine alimwuliza, "Dada, samahani, ile imeishaje?" Ernestine akamweleza mpaka akasahau kwamba jua limezama. Telesphor akamwambia, "Mimi nachunga jenereta. Wewe nichungie filamu. Niandikie unavyoziona."

Basi akaandika. Mwaka mzima aliandika, kwenye karatasi za daftari, barua juu ya barua. Hakuandika nakupenda wala nakufa kwa ajili yako. Hayo alimwachia yeye. Aliandika anavyoziona filamu, na ndani ya hayo alijimwaga wote, mpaka yale asiyomwambia mama yake.

"Unapenda kuangalia video, dada?" Specioza aliuliza, akivuta fungu la nywele.

"Sana!"

"Mimi zamani nilikuwa naangalia tu kama kuku. Siku hizi nina macho. Chukua ile ya Kihindi, ya mapacha waliopoteana sokoni. Watu walilia! Mimi nikasema, huyu mama ni mama gani? Anamlisha mtoto wake miezi mitatu, wanakula sahani moja, hamjui. Mpaka aone alama begani! Mama gani haangalii mikono ya mtu anayemlisha?"

Ernestine aligeuza shingo ghafla.

"Tulia dada, nitakuumiza."

"Hata mimi nilisema hivyo," Ernestine alisema, na kwa kweli alifurahi. Maisha yake yote alikuwa anabishana peke yake na filamu. Leo amepata mwenzake, tena nyuma ya soko! "Hivyo hivyo kabisa. Na za kareti je?"

"Za kareti? Maadui wana adabu sana. Wako kumi, lakini wanapanga foleni kama kina mama kisimani, kila mtu anangoja zamu yake ya kupigwa."

Safari hii Ernestine hakucheka. Alikumbuka alikuwa amekaa wapi alipoliandika hilo: kisimani kwenyewe, ndoo yake ya kumi na moja kwenye mstari, daftari gotini. Alijiambia kwamba foleni za kisimani ziko kila mahali. Mtu yeyote angeweza kuliona hilo.

"Na ile tamthilia waliyoirekodi kwenye televisheni ya Dar," Specioza aliendelea, amekolea sasa, "yule mama tajiri anaamka asubuhi na rangi ya mdomo imekaa. Amelala na nani, na picha? Halafu wanavyolia! Machozi ya firamu yanashuka jicho moja tu. Mtu akilia kweli, inaanza pua."

Ernestine alihisi baridi kwenye jua lile.

"Umesema nini?"

"Inaanza pua. Si kweli? Ukilia kweli kweli..."

"Kabla ya hapo. Machozi ya nini?"

"Ya firamu."

"Kwa nini unasema firamu?"

Specioza alicheka kwa madaha. "Mchumba wangu ndivyo anavyoandika. Firamu. Nadhani ndivyo wanavyotamka Dar siku hizi, maana kanda zake zinatoka huko. Yeye ndiye aliyenifumbua macho, dada yangu. Ananiandikia barua, ananieleza filamu moja moja anavyoiona. Sijawahi kuona mwanaume mwenye akili vile. Mama yake alipomleta kwetu mara ya kwanza nilimwona bubu tu, amekaa anaangalia kucha. Nikasema huyu simtaki. Halafu barua zikaanza kuja!" Akashusha pumzi. "Jumapili iliyopita wazee wameleta barua ya posa kwenye kitambaa. Na anakaa hapo tu, unasikia hilo jenereta? Telesphor. Yule wa video."

Vidole vya Specioza havikusimama. Viliendelea kugawa nywele, kupishanisha, kukaza. Ernestine alikaa kati ya magoti yale, akashangaa kwamba bado anaweza kusikia maumivu madogo ya nywele kuvutwa.

Firamu! Kwao Katumba wazee walikuwa wanazungumza Kirundi nyumbani, na ulimi uliokulia humo unaichukua L na kuirudisha R. Ernestine alikuwa amejifundisha kusema filamu, maana mjini walimcheka. Lakini mkono haukujifundisha. Kila alipoandika kwa haraka, kwa moyo, lilitoka firamu. Aligundua baada ya barua ya tatu, akaona haya, akaomba radhi. Na Telesphor alimshika mkono ule ule ulioandika, akamtazama kwa yale macho yake ya upole, akasema, "Usirekebishe, tafadhali. Nikikutana na neno hilo najua ni wewe, nakusikia kabisa unavyoongea. Siku nikikuta filamu, nitajua kuna mtu amekuandikia." Usiku ule Ernestine hakupata usingizi kwa furaha. Kosa lake lilikuwa limependwa!

"Unazo hapa?" aliuliza. "Hizo barua."

"Utanicheka."

"Sitacheka."

Specioza alichomoa kutoka chini ya kopo la mafuta ya nywele bunda dogo lililofungwa kwa uzi mweusi. Barua sita. Hati ilikuwa ya Telesphor, zile herufi zinazolala upande kama zimechoka. Maneno yalikuwa yake Ernestine. Aligeuza ukurasa mmoja, wa pili, akihesabu. Firamu. Firamu. Firamu. Hakuwa ameacha hata moja.

"Nakuja," alisema, akainuka na barua moja mkononi.

"Dada! Upande mmoja bado! Unakwenda wapi na kichwa nusu?"

Alikuwa amekwisha vuka barabara.

* * *

Telesphor alikuwa amechuchumaa nyuma ya banda, mgongo umelowa jasho. Alipoona kivuli cha gauni aliinua uso, na uso ule, masikini, ukafunguka kwa furaha ya kweli. Hilo ndilo lililomwuma Ernestine kuliko yote. Angekuwa ameshtuka tangu mwanzo ingekuwa nafuu.

"Erni! Umekuja lini? Mbona nywele..."

"Zima."

"Nini?" Jenereta lilikuwa linanguruma, na ndani ya banda mtu alikuwa anapigwa mateke kwa Kichina.

"Zima hilo jenereta nikuambie."

"Haiwezekani, watu wako katikati, watanipasua!"

Ernestine aliinama, akaigeuza swichi mwenyewe. Mara ngapi alimshikia tochi akiifungua mashine hiyo! Aliijua kuliko filamu zake. Kimya kikaanguka. Sekunde moja, mbili, kisha banda zima likalipuka: "Washaaa! Telesphor! Weweee!"

Akamwonyesha barua moja.

Telesphor aliitazama. Akaitazama tena, akapangusa mikono kwenye suruali ingawa hakuipokea.

"Umeipata wapi?"

"Kwa msusi wangu."

"Erni, nilikuwa nakuja kukueleza. Wallahi mwisho wa mwezi nilikuwa nakuja."

"Nieleze sasa."

"Ni mama." Sauti ilikuwa ndogo. "Mama Josephina unamjua. Alisema hataki mkwe wa kutoka makazini, anataka mtu wa kwetu Ufipa, ambaye wazazi wake anawajua. Akanipeleka kwa kina Specioza kwa nguvu. Akasema mwandikie mtoto wa watu. Nikakaa na kalamu siku tatu, Erni. Siku tatu! Sikuwa na neno hata moja la kumwambia yule msichana. Moyo wangu haukuwa kwake. Basi nikachukua... maneno tu. Maoni ya filamu tu. Ya mapenzi yetu sikumwandikia hata moja."

"Na mapenzi yetu ni yapi mengine?"

"Unajua ninachosema."

"Sijui. Niambie. Toa hayo maoni, kinabaki nini?"

Ndani mtu alipiga ukuta wa bati, mwingine akapiga mluzi. Telesphor akasogea hatua moja, akashusha sauti mpaka ile ambayo zamani Ernestine aliipenda.

"Kila neno nililomwandikia nilikuwa nakuwaza wewe. Nisingeweza kumpa maneno ya mtu mwingine. Huoni? Ni wewe niliyekuwa naye."

Na moyo, usioona aibu, ulitaka kumwamini. Ernestine alimtazama shingo, akatazama lile kovu dogo la moto wa betri kwenye kidole gumba, na alimpenda bado, hapo hapo, alimpenda na kumchukia kwa pumzi moja. Angeweza kusamehe mama mkali. Angeweza hata kusamehe kitambaa cha posa. Wanaume wengi wamelazimishwa na mama zao, wakasimama siku ya mwisho.

"Soma hapa," alisema, akaweka kidole kwenye mstari.

"Erni..."

"Soma kwa sauti."

"'Machozi ya filamu yanashuka jicho moja tu...'"

"Neno la pili baada ya machozi. Ni nini hiyo?"

Telesphor alikodoa macho. Akatazama karatasi, akamtazama yeye, akarudi kwenye karatasi. Alikuwa anatafuta kweli kweli, na haoni.

"Ni... filamu. Kwani vipi?"

Ernestine alisubiri. Alimpa muda. Alimpa muda mrefu kuliko aliowahi kumpa mtu yeyote, huku wale wa ndani wakimtukania Telesphor mama yake. Kisha pua yake ikaanza, kama alivyoandika, na machozi yakafuata baadaye.

"Uliniambia ukikutana na neno hilo unajua ni mimi. Unakumbuka? Unanisikia kabisa. Umeliandika mara ngapi humu, Telesphor? Nimehesabu kumi na nne. Mara kumi na nne nimepita chini ya kalamu yako na hukuniona."

"Ah!" Sasa aliliona. Alishika kichwa kwa mikono yenye mafuta. "Nilikuwa nanakili haraka, Erni. Sikuwa nasoma, nilikuwa..."

"Najua. Hata zilipokuwa zangu hukusoma. Ulikuwa unachunga jenereta."

"Nipe nafasi. Nitakwenda kwa mama leo hii. Leo leo! Nitakwenda mpaka kwa baba yako, nitapiga magoti..."

"Baba amekubali."

Telesphor akashusha mikono kutoka kichwani.

"Alikubali Jumanne," Ernestine alisema, akajifuta pua kwa kiganja. "Alisema ulete wazee. Nilikuja kukuambia hilo. Nilimwambia baba kwamba wewe unaniuliza ninavyoona, halafu unangoja jibu. Alikukubali kwa hilo peke yake. Sasa nitamwambia nini?"

Mlango wa banda ulifunguka, na Yotham, mwenye banda, akatoka akifoka kwamba watu wanataka kuchana skrini. Alimkuta fundi wake amesimama kama aliyesahau jina, na msichana mwenye kichwa nusu akiondoka.

* * *

Specioza hakuwa mjinga. Ernestine aliporudi alimkuta amezitandika barua tano zilizobaki kwenye mkeka, na alikuwa na macho mekundu.

"Ni wewe," alisema. "Si ndiyo? Nimesikia jenereta likizimika kule, nikazisoma barua tena. Humu kuna kisima. Kuna daftari gotini. Telesphor ataenda kisimani na daftari kufanya nini? Nami nilikuwa nasoma tu, nafurahi."

Ernestine aliketi mahali pake pale pale, akamgeuzia mgongo.

"Nimalizie. Lori linaondoka saa kumi."

"Nikusuke vipi huku?"

"Twende kilioni inatosha."

Specioza akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati. Kisha vidole vikarudi kazini. Vilisuka upande wa kushoto taratibu, kwa huruma, mistari minyoofu ya kurudi nyuma, upande wa kulia ukiwa umesimama kwa harusi. Vikafika mstari wa nne.

"Dada, ile ya mwanamke wa kituoni," Specioza alisema. "Yule aliyeambiwa angoje, treni ikaja, mwanaume hajafika, akapanda. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali posa. Uliandika kwamba angesubiri kidogo. Kwamba mwanaume akichelewa kwa sababu alipitia kwa mama yake, huyo ana heshima, mngoje. Nilimwonyesha hata mama. Nikasema, sawa, huyu anachelewa kuongea, nitamngoja."

Ernestine alikaa wima.

"Mimi sikuandika hivyo."

Vidole vikasimama.

"Imeandikwa hapa. Angalia."

"Naona. Lakini si yangu. Hilo ndilo moja alilolibadilisha." Kwa hiyo alisoma! Sentensi moja katika mwaka mzima aliisoma, ikamchoma, akaigeuza. Ernestine alishangaa kuona kwamba hili halimwumi tena, bali linampa nguvu. "Hii ni yake mwenyewe."

"Wewe uliandikaje?"

"Imepita hiyo, dada."

"Haijapita. Wazee wanarudi kesho kuchukua jibu. Niambie ulivyoandika. Na useme kwa ulimi wako, usinirekebishie."

Ng'ambo ya barabara jenereta lilikohoa, likawaka, watu wakashangilia. Ernestine alifumba macho akaikumbuka ile karatasi yake mwenyewe, wino wa bluu, mwezi wa tano, mvua za mwisho zikipiga bati.

"Niliandika hivi. 'Katika firamu hii watu wote walimraumu yule mwanamke. Mimi nasema arifanya vizuri kupanda. Mwanaume anayecherewa kwa sababu anaomba ruhusa ya kukupenda, atacherewa maisha yake yote.'"

Specioza alibaki ameshika fungu la nywele, halijasukwa. Akalikaza taratibu, akalisuka mpaka mwisho, akalifunga fundo. Kisha akageuka kuelekea mlango wa nyumba yao, akaita:

"Mama! Ile barua iliyo kwenye kitambaa, usiifungue. Niletee hapa, wazee kesho watarudi nayo."